Karatasi ya Bei Mfukoni: Kutoka Duka la Hisani hadi Mnada wa Ilagala

Nilikuwa Ilagala kwa shughuli nyingine kabisa. Kivuko kilikuwa upande wa pili wa Malagarasi, na kama ilivyo desturi ya mtu anayesubiri, nikajikuta nazunguka kwenye mnada bila nia ya kununua. Nilipita madumu ya mawese, nikapita migebuka iliyokaushwa na mafungu ya dagaa, nikafika mahali ambapo nguo zilikuwa zimetandazwa juu ya turubai. Nikaokota koti moja la kijivu, la kiume, lenye bitana nzuri. Nilipoingiza mkono katika mfuko wa ndani, kama tufanyavyo sote tunaponunua mitumba, nilitoa karatasi ndogo ngumu yenye pini. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya wino: alama ya pauni, kisha 3.99. Jina la duka lilikuwa limefutika.

Mama aliyekuwa akiuza aliniuliza, "Mwalimu, hiyo inasemaje?" Nikamwambia ni bei. Akauliza, "Bei ya wapi?" Swali hilo ndilo lililozaa makala haya, kwa sababu jibu la kweli lilikuwa refu kuliko muda wa kusubiri kivuko.

Karatasi ile ilinieleza jambo ambalo belo lenyewe huwa halielezi. Koti lile halikutoka moja kwa moja katika kabati la mtu hadi katika mashine ya kufungia belo. Lilipita dukani. Mtu wa Uingereza alilitoa bure, mtu mwingine akalipokea, akalikagua mifuko (si vizuri sana, kama tunavyoona), akalipangia bei, akalitundika. Likakaa. Hakuna aliyelitaka kwa pauni tatu na senti tisini na tisa. Baada ya muda likashushwa, likauzwa kwa kilo, na sasa lilikuwa mbele yangu mdomoni mwa Malagarasi. Na yule aliyeandika ile 3.99 kwa mwandiko wa kutulia, wa mtu mzima, kwa uwezekano mkubwa hakulipwa hata senti kwa kazi ile.

Maduka ya namna hiyo, yaani maduka ya hisani, ni taasisi ambayo sisi huku tunaishi na matunda yake kila siku bila kuijua. Dada wa Kigoma anaweza kukueleza tofauti ya belo la Uingereza na la Kanada kwa kunusa tu, lakini ukimuuliza nani alilipanga huko lilikotoka, atakwambia "wazungu". Kwa hiyo naomba wasomaji wangu wanivumilie nirudi nyuma kidogo.

Mwaka 1942, Ugiriki ilikuwa chini ya majeshi ya Ujerumani na washirika wake, na wakati huohuo Waingereza walikuwa wameizingira kwa bahari ili adui asipate chakula. Waliokufa kwa njaa hawakuwa adui. Walikuwa raia wa Athens na visiwani. Tarehe 5 Oktoba mwaka ule, kikundi kidogo cha watu kilikutana katika kanisa la chuo kikuu huko Oxford. Walikuwemo kasisi wa kanisa hilo, T. R. Milford, msomi wa Kigiriki Gilbert Murray, Waquaker kadhaa, na mfanyabiashara aitwaye Cecil Jackson-Cole. Walijiita Kamati ya Oxford ya Kupambana na Njaa, na wakaanza kuibana serikali yao wenyewe iruhusu chakula kipite. Hapa nataka msomaji atue kidogo. Chombo ambacho leo tunakijua kama Oxfam hakikuanza kwa ajili ya Afrika, wala hakikuanza kwa kugawa nguo. Kilianza kwa raia kubishana na serikali yao kuhusu sera ya vita, wakati wa vita. Hilo ni jambo la ujasiri ambalo limesahauliwa kwa sababu ya wingi wa masweta.

Vita vilipokwisha, kamati iliomba watu walete nguo na mablanketi kwa ajili ya Ulaya iliyobomoka. Watu wakaleta, na wakaleta pia vitu ambavyo huwezi kumpelekea mtu asiye na paa: vito, vyombo vya kaure, picha za ukutani. Mwishoni mwa 1947 kamati ilipata chumba namba 17, mtaa wa Broad Street, na wazo likawa jepesi: kile kisichofaa kusafirishwa kiuzwe hapahapa, na fedha ndizo zisafiri. Halikuwa duka la kwanza la aina hiyo, kwani Msalaba Mwekundu ulikuwa na maduka yake wakati wa vita. Lakini hili lilidumu baada ya vita. Mwaka 1949 kamati ilimwajiri Joe Mitty, mwajiriwa wake wa kwanza wa mshahara, naye akaligeuza duka lile kuwa biashara ya kweli. Wengine waliosimama nyuma ya kaunta walikuwa watu wa kujitolea. Leo Oxfam peke yake ina maduka zaidi ya 500 nchini Uingereza, na bado wengi mno wa wanaoyahudumia hawalipwi.

Nimepata kulikanyaga duka la namna hiyo nilipokuwa masomoni. Harufu yake ilikuwa ileile ya belo linapofunguliwa, ile ya dawa na kabati la zamani. Nyuma ya pazia walikuwepo akina bibi wawili waliostaafu na kijana mmoja mwanafunzi, wakipanga. Walikuwa na zamu zao zimeandikwa ukutani kwa penseli. Mmoja alikuwa akizifuta nguo kwa mvuke, mwingine akiandika bei, na walibishana kwa upole kama blauzi fulani inastahili pauni mbili au mbili na nusu. Nilijua thamani ya blauzi ile katika soko la Mwanga, Kigoma, lakini nilinyamaza. Mgeni hapangi bei ya watu.

Wanahistoria wa maduka haya hupenda kwenda nyuma zaidi ya Oxford, hadi kwa William Booth, mwasisi wa Jeshi la Wokovu. Mwaka 1890 Booth alichapisha kitabu kuhusu mafukara wa miji ya Uingereza, na ndani yake alipendekeza kiundwe kikosi cha kupita nyumba hadi nyumba kukusanya nguo kuukuu, viatu, chupa na makombo, ili masikini wapate kazi ya kuvichambua na kuvitengeneza. Miaka kumi na miwili baadaye, mchungaji Edgar Helms alifanya jambo linalofanana huko Boston, Marekani, na kazi yake ndiyo iliyozaa Goodwill. Wanahistoria hao huishia hapo. Mimi siwezi kuishia hapo, kwa sababu jina la kitabu cha Booth lina kisa kinachotuhusu.

Booth alikiita kitabu chake "In Darkest England and the Way Out". Alilikopa jina hilo, kwa makusudi na kwa uwazi, kutoka kitabu kingine kilichotoka mwaka uleule wa 1890, "In Darkest Africa", cha Henry Morton Stanley. Hoja ya Booth ilikuwa kwamba Waingereza wanaililia Afrika yenye giza ilhali giza liko mlangoni pao. Na huyu Stanley ndiye yuleyule aliyejipatia jina mwishoni mwa 1871 chini ya mwembe wa Ujiji, mwendo wa siku chache tu kutoka pale niliposimama na lile koti mkononi.

Stanley alifikaje Ujiji? Alifika kwa nguo. Safari yake ilibeba robota kwa robota za merikani, kitambaa cheupe kilichoitwa hivyo kwa kuwa kilitoka viwanda vya Marekani, hasa jimbo la Massachusetts, ambako wafanyabiashara wa Salem walikuwa wakiuza Unguja tangu miaka ya 1830. Alibeba pia kaniki, shanga na waya. Kila robota lilifungwa kwa kipimo cha mabega ya mpagazi mmoja, na robota hilo, wasomaji wangu, ndilo lililoitwa mtumba. Neno tunalodhani limezaliwa Kariakoo au Gikomba lilikuwa likitembea kwa miguu kutoka Bagamoyo hadi Ujiji kabla ya babu wa babu zetu kumwona mkoloni. Wakati huo mtumba ulikuwa nguo mpya kabisa, tena ulikuwa fedha. Kwa mtumba ulilipa hongo, kwa mtumba ulinunua chakula, kwa mtumba ulivushwa mto.

Waha na Wavinza waliijua vema hesabu hiyo. Stanley alitozwa nguo mara kwa mara alipopita Uha, hadi hatimaye akaamua kutoroka usiku kupitia msituni ili asilipe tena. Pale Malagarasi alilipa nguo ili avushwe, na juu ya malipo hayo mamba akamla punda wake mmoja. Wapo wanaosoma habari hizi na kuona unyang'anyi wa machifu. Mimi naona forodha. Watu wa mto walikuwa na chombo, walikuwa na ujuzi, na walikuwa na bei. Na Mzungu alilipa kwa kitambaa kizuri, si kwa koti lililomshinda mtu kuvaa.

Ujiji kwenyewe kulikuwa na soko lililoendeshwa kwa ustadi. Verney Lovett Cameron, aliyefika pale mwaka 1874, alieleza jinsi shanga ziitwazo sofi zilivyokuwa sarafu: mtu anayekuja sokoni hubadilisha bidhaa zake kwa sofi asubuhi, hununua atakacho, na jioni hubadilisha zilizobaki. Yaani palikuwa na wabadilisha fedha kando ya ziwa kabla ya benki yoyote.

Lakini kisa cha Ujiji ninachokipenda zaidi kwa mada hii ni cha Livingstone. Mzee yule alirudi Ujiji Oktoba 1871 akitoka Manyema, mgonjwa, amechoka, akitegemea bidhaa zilizotumwa kwa ajili yake kutoka Unguja na Dkt. John Kirk. Ulikuwa msaada hasa: vitambaa na shanga vilivyopelekwa kumwokoa mtu aliyekwama. Akakuta hakuna kitu. Sherifu, mtu aliyekabidhiwa mali ile, alikuwa ameiuza yote na kununua pembe. Alipoulizwa, alijitetea kwamba alipiga ramli kwa Kurani na kuona kwamba Livingstone amekwisha kufa.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Msaada umetumwa kutoka mbali, umefika Ujiji, umegeuzwa bidhaa, umeuzwa sokoni, na hoja ya muuzaji ni kwamba mwenyewe, Mzungu, kafa. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, Watanzania walipotafuta jina la nguo zilizotumika kutoka ng'ambo, wengi waliziita "kafa Ulaya". Sidai kwamba jina limetoka kwa Sherifu. Nasema tu kwamba fikra ile haikuwa ngeni kwetu.

Na kwa nini "kafa"? Wenzetu wa Ghana nao huziita nguo hizi nguo za Mzungu aliyekufa, kwa hiyo si sisi peke yetu. Wasomi wa Ulaya huliona jina hili kuwa kejeli. Naona wamekosea kidogo. Katika familia nyingi za pwani ya ziwa, na kwingineko Tanzania, nguo za marehemu zina utaratibu wake. Baada ya tanga kuanuliwa hugawiwa ndugu, au hutolewa sadaka. Shati la baba mdogo unalivaa huku ukimkumbuka. Kwetu, njia moja inayojulikana ya nguo nzuri kumtoka mtu bila kulipwa ni mauti. Basi nguo nzuri, nyingi namna hii, zinapofika bila sababu, mtu mwenye akili atauliza: kwani kulikuwa na msiba gani huko? Lilikuwa swali la heshima. Kwamba mtu mzima mwenye afya anaweza kulitoa koti zima kwa sababu amelichoka, hilo lilikuwa gumu kuaminika kuliko kifo.

Nirudi kwenye maduka. Je, sisi hatukuwahi kuwa na duka la kujitolea? Tuliwahi, ingawa hatulikumbuki kwa jina hilo. Kigoma ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kupitiwa na operesheni ya kuhamishia watu vijijini, mwaka 1972. Kisha mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, iliyokusudia kuondoa maduka ya watu binafsi vijijini na badala yake kuweka duka la kijiji, mali ya wote. Katika vijiji vingi waliosimama kwenye kaunta walikuwa wanakijiji wenyewe, wakipewa zamu, na malipo yao yalikuwa kidogo au hayakuwepo. Ukiondoa itikadi, huo ni muundo uleule wa akina bibi wa Oxford: zamu, daftari, kamati, mweka hazina.

Operesheni hiyo haikudumu. Serikali yenyewe iliisimamisha baada ya muda mfupi, na maduka mengi ya kijiji yaliyobaki yakafa polepole. Vitabu vinatueleza sababu: usimamizi mbovu, wizi, kulazimishwa. Yote kweli. Lakini naongeza moja ambayo duka la hisani linaiweka wazi. Duka la Oxford lilizaliwa kwa ziada. Watu walileta zaidi ya kilichoweza kusafirishwa. Duka la kijiji lilizaliwa katika uhaba. Lilingoja mgawo kutoka kampuni ya biashara ya mkoa, na mgawo ulikuwa sabuni leo, kiberiti mwezi ujao. Moyo wa kujitolea unaweza kuendesha duka kwa miaka mingi, ila hauwezi kuzijaza rafu zake. Tumewalaumu wazee wetu kwa kukosa moyo, na nadhani tumewaonea.

Uhaba huo ulikuja kuwa mkali zaidi baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Walioishi miaka ile Kigoma hawahitaji kuhadithiwa. Viwanda vya nguo tulikuwa navyo, Urafiki wa Dar es Salaam uliojengwa kwa msaada wa China ukiwa maarufu zaidi, lakini vipuri, umeme na fedha za kigeni vilipungua, na kitenge kikawa kitu cha foleni. Kando ya Ziwa Tanganyika palikuwa na faida moja ambayo Dodoma hawakuwa nayo: ng'ambo ya maji kuna Kongo, iliyoitwa Zaire wakati huo, na juu kidogo kuna Burundi. Kilichokosekana kwa mgawo kilipatikana kwa mtumbwi. Nguo zilizotumika zilikuwa sehemu ya biashara hiyo, na majirani zetu wa Rwanda na Burundi wamezipa jina linalotokana na Kiswahili chetu: caguwa, yaani chagua. Mwaka 1983 Edward Sokoine alipoanzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi, wapo waliotupa bidhaa zao usiku kwa hofu. Mwaka uliofuata bajeti ilifungua mlango kwa wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa bila kuulizwa walizipata wapi. Akaja Mzee Mwinyi mwaka 1985, na Watanzania wakamwita Mzee Ruksa. Belo likapita mlango wa mbele.

Nawaambia wanafunzi wangu kila mwaka, nao kila mwaka hawaridhiki: mitumba haikuua viwanda vyetu peke yake. Iliwakuta wagonjwa mahututi. Tena iliwavisha watu ambao kwa miaka kadhaa walikuwa wameazimana suruali ya kwendea mjini. Lakini pia ni kweli kwamba mgonjwa yule hakupata nafasi ya kupona, kwa sababu hakuna kiwanda kinachoweza kushindana na bidhaa ambayo mzalishaji wake wa kwanza, mvaaji wake wa kwanza na muuzaji wake wa kwanza wote wamekwisha malizana nayo. Hapa duka la hisani linaingia tena. Sehemu ndogo tu ya kinacholetwa katika maduka yale huuzwa pale pale. Kilichobaki huuzwa kwa wafanyabiashara wa nguo kuukuu, kwa uzito. Oxfam ilifungua kituo chake cha kuchambulia huko Huddersfield mwaka 1974, kinachotenganisha kinachofaa kurudi dukani, kinachofaa kuuzwa nje na kinachofaa kuwa matambara. Fedha inayopatikana huenda kwenye kazi za msaada. Hakuna siri na hakuna wizi. Ila aliyetoa koti lake mara nyingi hudhani mtu masikini amelipata bure.

Na hizo kazi za msaada ziko wapi? Baadhi ziko kwetu. Mwaka 1994, Wanyarwanda walipomiminika Ngara, Oxfam ndiyo iliyoshughulikia maji katika kambi ya Benaco. Mei 2015, Warundi kwa makumi ya maelfu walikwama katika ufukwe mwembamba wa Kagunga, kaskazini mwa Kigoma, kipindupindu kikazuka, na meli yetu kongwe Liemba ikawa inawabeba kwa mafungu hadi mjini. Kutoka hapo walipelekwa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na Oxfam ilikuwa miongoni mwa waliochimba vyoo na kuleta maji.

Fikiria basi safari mbili za koti hili. Kama lingepata mnunuzi Uingereza, zile pauni 3.99 zingeweza kufika mkoa wa Kigoma kama bomba la maji Nyarugusu. Halikupata mnunuzi, kwa hiyo limefika mkoa wa Kigoma kama koti. Njia ya kwanza inaitwa msaada, na huja na bango. Njia ya pili inaitwa biashara, na huja na ushuru wa forodha, nauli ya lori, ushuru wa mnada na mtaji wa mama mmoja aliyeukopa kikobani. Ukiniuliza ipi imeacha fedha nyingi zaidi mikononi mwa watu wa Ilagala, nitakujibu bila kusita kuwa ni ya pili. Ukiniuliza ipi imeokoa maisha Kagunga, jibu ni la kwanza. Sioni haja ya kuzipatanisha.

Machi 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakiwa Arusha, waliamua kwamba mitumba iondolewe sokoni ndani ya miaka mitatu. Uamuzi huo uliamsha watu ambao hatukujua kama wapo. Chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani kililalamika kwa serikali yao kwamba ajira 40,000 ziko hatarini, na Washington ikatishia kuziondoa nchi zetu katika mpango wa AGOA uliokuwa ukiruhusu bidhaa zetu kuingia huko bila ushuru. Kenya ilirudi nyuma mapema. Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda, iliyokuwa imepandisha ushuru kutoka senti 20 hadi dola 2.50 kwa kilo, ilikataa kurudi, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa katika mpango huo. Mpaka siku ile nilikuwa nikifundisha kwamba mitumba ni takataka ya Ulaya na Marekani. Nikalazimika kubadilisha maelezo yangu ya darasani. Hakuna anayepigania takataka zake kwa nguvu namna ile.

Kinachonisumbua katika mjadala ule ni kwamba walizungumza mawaziri, wenye viwanda, na wafanyabiashara wakubwa wa pande zote. Watu wawili hawakuulizwa. Wa kwanza ni yule mzee wa Uingereza aliyeandika 3.99, ambaye ametoa Jumanne zake kwa miaka akiamini anapambana na njaa, na ambaye pengine hajui kwamba kazi yake ni kituo cha kwanza cha mnyororo wa biashara unaoishia Malagarasi. Wa pili ni mama wa turubai. Yeye pia hupanga: anachambua, anatoa iliyochanika, anapeleka kwa fundi cherehani iliyolegea mshono, anapiga pasi ya mkaa, anatundika iliyo bora juu ya kamba ili ionekane kutoka barabarani. Ni kazi ileile waifanyayo akina bibi nyuma ya pazia, kwa ustadi uleule. Mmoja tunamwita mhisani. Mwingine, akikaa vibaya mjini, mgambo humwita mchafuzi wa barabara.

Nilimweleza mama yule kwa ufupi, kadiri nilivyoweza. Alisikiliza huku akikunja mashati. Alitaka kujua jambo moja tu: hao wanaouza huko, faida hawali? Nikamwambia hawali. Mshahara? Hakuna. Akatikisa kichwa. "Basi wana waume wazuri," akasema, na jirani yake wa viatu akacheka sana.

Kisha akaichukua ile karatasi, akaigeuza. Akauliza hiyo pauni tatu ni shilingi ngapi. Nikakadiria: zaidi ya 10,000. Koti alikuwa amenitajia 5,000. Akalitazama upya, akalikung'uta, akalipapasa bitana.

"Mwalimu," akasema, "sasa hiyo elfu tano umeshaiharibu mwenyewe."

Nililipa 8,000. Kivuko kilikuwa kimefika na watu walikuwa wameanza kupanda. Nilipotaka kuichukua karatasi pamoja na koti, alikuwa amekwisha kuifunga kwenye pindo la kanga yake.